Umehamisha kila faili la C: kwenda SSD mpya na bado haiwaki: uzi wa kueleza kwa nini

Sekta_Sifuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Imeletwa tena mezani laptopu yenye kisa kilekile. Mwenyewe kanunua SSD ya GB 240, kaichomeka kwa kebo ya USB, kafungua programu ya kusawazisha mafaili, kushoto kaweka C:, kulia SSD, kabonyeza kitufe, kalala. Asubuhi kazi imekwisha, kuna mistari kadhaa myekundu ambayo hakuisoma. Katoa diski ya zamani, kaweka mpya, kawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia. Sasa anataka nimsindikize dukani akarudishe "SSD feki".

SSD ni nzima kabisa. Ukiichomeka kwa nje unaona Windows, Program Files, Users, mpaka picha za harusi. Nimeona bora niliandike jambo hili mara moja, atakayekuja kuuliza nimpe linki.

FreeFileSync, Syncthing, rsync, Robocopy inayokuja na Windows yenyewe, zote zinafanya kazi ya aina moja. Zinauomba mfumo wa uendeshaji orodha ya mafaili ya folda fulani, zinalinganisha majina, ukubwa, tarehe au yaliyomo, kisha zinahamisha kilichotofautiana. Ili kitu kipite ni lazima kiwe na jina, kikae ndani ya folda, na kikubali kufunguliwa. Kwa hati, picha na miradi ya kazi sina ugomvi nazo, natumia kila siku.

Ila mashine inapowashwa haianzi na majina.

Chukua mashine ya zamani ya BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoanza kwanza ukiwasha. Inasoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512, basi. Baiti 446 za mwanzo ni kodi (msimbo wa programu) ya kuwashia, 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, 2 za mwisho ni alama 55 AA. Sekta hiyo haimo ndani ya C:, haina jina wala folda. Kodi iliyomo humo inatafuta patisheni yenye alama ya kuwa hai, inasoma sekta za mwanzo za patisheni hiyo, na hapo kuna kodi nyingine inayojua kusoma NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, kiasi cha kutosha kulipata faili liitwalo bootmgr. Ni hapo tu, hatua ya tatu, ndipo jina la faili linapoingia kwenye hadithi. Programu yako ya kusawazisha inaanzia hatua hiyo ya tatu. Mbili za mwanzo haijawahi hata kujua kama zipo.

Mashine za UEFI, mrithi wa BIOS, zinafuata njia nyingine. Hapo kuna patisheni ndogo iitwayo ESP, yenye mpangilio wa FAT32, mara nyingi MB 100, isiyo na herufi, ndiyo maana huioni kwenye File Explorer. Ndani yake kuna \EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi na hifadhi ya mipangilio iitwayo BCD. Aliyenakili C: hakuigusa patisheni hiyo. Juu ya hayo, bodi ya kompyuta ina kumbukumbu yake yenyewe, NVRAM, iliyoandikwa ianzie patisheni gani na faili gani. Hiyo haiko kwenye diski yoyote.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mafaili yote, asilimia mia, na asiwe na mashine inayowaka. Maswali karibuni.

mjumbe_nyumba10

Nimeweka kambi. Mimi ndiye yule wa SSD feki wa mwaka jana, ila si fundi huyu.

nyuki254

Sasa boss. Nimekuelewa, lakini si hiyo patisheni ndogo ni FAT32 ya kawaida tu? Naingia diskpart, zana ya Windows ya kugawa diski, naipa herufi, nasawazisha zote mbili, ESP na C:. Kuna shida gani hapo?

Sekta_Sifuri

Swali zuri, na wengi hufika hapo. BCD haikuandikwa "Windows iko C:". Imeandikwa Windows iko kwenye patisheni yenye kitambulisho fulani, ndani ya diski yenye kitambulisho fulani, namba ndefu za GPT (jedwali la patisheni la kisasa) ambazo hutengenezwa upya kila unapogawa diski mpya. Ukinakili BCD unanakili na anwani ya zamani. Ukiwasha utakutana na skrini ya bluu yenye 0xc000000e: kifaa kinachohitajika hakipatikani. Na inasema kweli, kwa sababu umeshakitoa kifaa hicho na kukiweka mezani.

nyuki254

Haha. Yaani nimehamisha duka lakini bango la barabarani bado linaelekeza wateja fremu ya zamani.

Sekta_Sifuri

Hasa. Dawa ya bango ipo:

bcdboot W:\Windows /s S: /f UEFI

W: ni patisheni yenye Windows mpya, S: ni ile ndogo. Amri hii inaandika mafaili ya kuwashia na BCD mpya yenye vitambulisho sahihi. Lakini angalia, hiyo si kusawazisha tena. Umeunda kitu ambacho hakikuwepo kwenye chanzo.

mzee_wa_flopi

Vijana mnadhani haya yameanza na UEFI. Enzi za MS-DOS ukinakili IO.SYS, MSDOS.SYS na COMMAND.COM kwenye flopi kwa COPY ya kawaida, haiwaki. Kodi ya kwenye sekta ya kwanza ya flopi ilikuwa haina nafasi ya kutafuta mafaili kwa akili, ilitarajia yale mawili ya mwanzo yawe ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya folda kuu. Ndiyo maana kulikuwa na amri ya SYS, na FORMAT /S. Unaandaa flopi kwanza, halafu unajaza mengine.

Sekta_Sifuri

Shikamoo mzee. Hii ningependa kila mtu aisome mara mbili. Tangu wakati huo Microsoft walijua faili sahihi kwenye mahali pasipo sahihi ni sawa na faili ambalo halipo.

binti_terminali

Napinga kichwa cha uzi. Nahamisha seva za Linux kwa rsync, tena seva zenye watu. Diski kwenda diski, mashine kwenda mashine. Zinawaka. Tatizo lenu ni Windows, msizibebeshe lawama programu za kusawazisha zote.

Sekta_Sifuri

Dada, tuandikie hatua zako zote, usiache hata moja.

binti_terminali

Sawa. Nawasha kwa flashi ya Linux ili mfumo wenyewe uwe umelala. Nagawa diski mpya, naifomati. Kisha:

rsync -aAXH --numeric-ids /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

A ni kwa ACL (orodha za ruhusa), X kwa sifa za ziada za faili, H kwa mafaili yenye majina zaidi ya moja. Kama nimelazimika kufanya mfumo ukiwa macho, naondoa /proc, /sys, /dev, /run na /tmp, maana hivyo si vitu vya diski. Baada ya hapo nahariri /etc/fstab, orodha ya patisheni za mfumo, niweke UUID (vitambulisho) mpya, naingia ndani ya mfumo mpya kwa chroot, naandika grub-install inayoweka kiwashio cha GRUB, natengeneza upya initramfs, kifurushi cha kuanzia kerneli, naandika update-grub. Nawasha.

Nimeona unapotaka kunipeleka, lakini endelea.

Sekta_Sifuri

Ulishafika mwenyewe. rsync imefanya sehemu ya mafaili, na imeifanya vizuri kwa sababu umeijua kuiamuru. Kilichoifanya iwake ni fstab, grub-install na initramfs, na hivyo umevifanya kwa mkono wako. Kwenye mashine ya BIOS, grub-install inaweka core.img, sehemu ya kiwashio hicho, kwenye uwazi ulio kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa patisheni ya kwanza, ambayo siku hizi huanzia sekta ya 2048. Uwazi huo hauna mfumo wa mafaili kabisa. Hakuna alama ya rsync, hata uiongeze herufi ngapi, itakayoifikia.

Tofauti si Linux na Windows, ni kwamba zana za kujenga upya hiyo sehemu iliyobaki wewe unazijua. Mteja wangu wa SSD hajui.

binti_terminali

Hapo nakubali. Na niongeze kitu kwa wanaodhani -a peke yake inatosha. Kwenye baadhi ya distro (matoleo ya Linux), ping, amri ya kupima mtandao, ina ruhusa maalumu ya kutuma pakiti, na ruhusa hiyo imeandikwa kwenye sifa za ziada za faili, si kwenye rwx mnazoziona. Nakili bila -X, mfumo utawaka vizuri, kila mtu atafurahi, mpaka mtumiaji wa kawaida aandike ping aambiwe haruhusiwi. Kwenye Fedora na ndugu zake lebo za SELinux (mfumo wa ulinzi) zikipotea unaweza hata kushindwa kuingia. Dawa ni kuweka faili tupu /.autorelabel kisha kuwasha upya, nayo inachukua muda wake.

Na hifadhidata kama PostgreSQL ikiwa inaandika wakati rsync inapita, usiniambie una nakala. Una vipande vya saa mbalimbali.

Sekta_Sifuri

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko watu wanavyolidhania. Nitalirudia kwa upande wa Windows maana hapo ndipo C: yenyewe inapoharibika, hata ukishatatua habari ya kuwashia.

Angalia C:\Windows\System32\config. Kuna mafaili hayana hata kiambishi: SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY, DEFAULT. Hiyo ndiyo rejista ya Windows: draiva, huduma, akaunti za watumiaji, kila kitu. Windows ikiwa macho imeyashika na haimpi mwingine. Robocopy itakuandikia ERROR 32, faili linatumiwa na programu nyingine, itajaribu, itasubiri, itajaribu. Hiyo ndiyo ile mistari myekundu ambayo mwenye laptopu hakuisoma. Mtu anaona makosa kama matano kati ya mafaili laki na ushee, anasema si mbaya. Matano hayo ndiyo Windows yenyewe, mengine ni mizigo yake. NTUSER.DAT ya mtu aliyeingia nayo hivyohivyo.

kambale

Lakini FreeFileSync ina chaguo la kunakili mafaili yaliyofungwa. Nimeliwasha, makosa mekundu yakaisha yote. Sasa hapo utasemaje mkuu?

Sekta_Sifuri

Nitasema umefanya vizuri, na umetatua tatizo moja. Chaguo hilo linatumia VSS, huduma ya Windows iliyopo tangu enzi za XP na Server 2003, inayopiga picha ya papo kwa papo ya patisheni nzima. Ukisoma kutoka kwenye picha hiyo, SYSTEM inafunguka, na mafaili yote ni ya sekunde moja. Yale mambo ya vipande vya saa mbalimbali yameondoka.

Ila picha hiyo ni ya C:. Sekta ya kwanza ya diski, ESP, vitambulisho, NVRAM, vyote viko nje ya fremu. Na hata ndani ya fremu, programu bado inapokea mafaili kwa majina. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

fsutil hardlink list C:\Windows\System32\kernel32.dll

Utaletewa majina mawili. Moja ni hilo la System32, jingine liko kwenye C:\Windows\WinSxS, ndani ya folda yenye jina refu linaloanza na amd64_microsoft-windows-kernel32. Si mafaili mawili. Ni faili moja lenye majina mawili, data yake iko mahali pamoja kwenye diski. Sehemu kubwa ya System32 iko hivyo. Programu isiyojua habari hii inaona majina mawili, inanakili mara mbili. C: iliyokuwa inatosha kwenye SSD ndogo ghafla haitoshi, na mtu anabaki kushangaa Windows imenenepea wapi.

Kuna upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Windows ina folda ambazo si folda. C:\Documents and Settings ni kibao tu kinachosema nenda C:\Users. Ndani ya AppData\Local kuna kibao kiitwacho Application Data kinachokurudisha AppData\Local hiyohiyo. Kwa kawaida huwezi kukiingia, kimewekewa katazo kwa kila mtu kuorodhesha yaliyomo. Sasa wajanja wakisoma mtandaoni wanaambiwa tumia Robocopy na /B, inapita kila katazo. Kweli inapita, hata hilo. Inaingia Application Data, inakuta Application Data, inaingia, inakuta Application Data, mpaka njia inakuwa ndefu kupita kiasi. Kama lazima utumie /B, weka na /XJ ili iviruke vibao hivyo. Lakini ukiviruka, nakala yako haina vibao, na programu za zamani zinazovitegemea zitatafuta njia ambayo haipo.

Halafu kuna wenye mali. Mafaili mengi ya Windows mwenyewe ni TrustedInstaller, akaunti ya ndani ya Windows, si wewe, si Administrator. Nakili bila /COPYALL, kila faili linachukua ruhusa za folda lilipotua. Na majina mafupi ya herufi nane: PROGRA~1 ni Program Files, PROGRA~2 ni ile ya x86, na kuna maingizo ya rejista yanayoita programu kwa majina hayo. Yanatungwa upya kwenye diski mpya kwa kufuata nani katangulia kufika, au yasitungwe kabisa. Hili sijaona mtu analitaja kwenye video za YouTube.

mjumbe_nyumba10

Mkuu punguza kasi, wengine tunasoma tukiwa kwenye daladala.

mpenda_pai

Naomba nichangie. Raspberry Pi yangu, kompyuta ndogo ya bodi moja, nainakili kwa rpi-clone, kadi kwenda kadi, ikiwa inafanya kazi. Ndani ni rsync tupu. Natoa kadi ya zamani naweka mpya, inawaka. Na hakuna grub-install hapo. Mnasemaje?

binti_terminali

Pi ni mtoto wa kipekee kwenye familia. Programu ya kwanza ya kuwashia iko ndani ya chipu, na kwenye Pi 4 sehemu inayofuata iko kwenye EEPROM (chipu ya kumbukumbu) ya bodi. Hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye patisheni ya FAT kutafuta mafaili kwa majina yao, start4.elf na wenzake. Haijali yako sekta gani. Kwa hiyo ukinakili mafaili, umenakili kila kinachotafutwa.

Na hata hivyo rpi-clone si rsync tupu. Inagawa kadi, halafu inahariri cmdline.txt na fstab iweke PARTUUID (kitambulisho cha patisheni) ya kadi mpya. Jaribu rsync yenyewe bila hiyo hatua uone kama kerneli itapata patisheni yake.

Sekta_Sifuri

Asante, umeniokolea vidole. Ndiyo maana mimi huuliza swali moja kabla ya yote: kile kinachowasha mashine kinatafutwa kwa jina, au kwa mahali na kitambulisho? Kwa jina, nakili tu.

Mfano ambao nyote mmewahi kuufanya: flashi ya kusakinishia Windows. Kwa UEFI unaifomati FAT32, unaburuta mafaili yote ya ISO (faili la usakinishaji wa Windows), inawaka. Hakuna uchawi. UEFI inapokuta kifaa cha kuchomeka inatafuta \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI, jina lililokubaliwa na watengenezaji wote. Kinachokwamisha watu siku hizi ni kwamba install.wim, faili lenye Windows yenyewe, imevuka GB 4 na FAT32 haibebi faili la ukubwa huo, hivyo inabidi ukate kwa DISM /Split-Image, zana ya Windows, au utumie programu ya Rufus. Lakini kuwaka, itawaka.

nyuki254

Na sisi wa Mac? Kuna jamaa ofisini aliniambia yeye alikuwa anakloni MacBook kila Ijumaa kwa Carbon Copy Cloner, anachomeka diski ya nje, anaianzisha kutoka hapo.

Sekta_Sifuri

Alikuwa, ndiyo. Kwa miaka mingi Mac ndiyo ilikuwa jibu la watu kwenye mijadala kama hii, "mbona kwetu inawezekana". Catalina, toleo la macOS la 2019, ikatenga mfumo kwenye kijaladi (volume) chake kisichoandikwa. Big Sur ya 2020 ikaja na kijaladi kilichotiwa saini: Apple wamekokotoa alama ya yaliyomo yote na kuifunga kwa saini yao. Ukinakili faili kwa faili unapata mafaili yaleyale bila muhuri, na muhuri huwezi kuutengeneza wewe. Kinachoweza kuuhamisha ni zana ya Apple yenyewe, asr, inayohamisha kijaladi kizima. Hata Carbon Copy Cloner wenyewe sasa wanakushauri uhifadhi data yako, mfumo uusakinishe upya kutoka Apple.

kambale

Wakuu naomba msaada sasa, si mjadala. Niliposoma post ya bcdboot nikaenda kuijaribu. Imewaka! Lakini inanipeleka kwenye akaunti ya muda, hakuna mafaili yangu mezani, Start haifunguki, na inaandika eti mipangilio yangu itafutika nikitoka. Diski zote mbili nimezichomeka, ya zamani kwa USB.

Sekta_Sifuri

Ndani ya rejista uliyoihamisha kuna HKLM\SYSTEM\MountedDevices, daftari la nani ni C: na nani ni D:, limeandikwa kwa vitambulisho vya patisheni. Daftari hilo linasema C: ni patisheni ya diski ya zamani. Na diski ya zamani umeiacha imechomekwa. Kwa hiyo Windows imeanza kutoka SSD, ikaangalia daftari, ikampa wa zamani herufi C:, yenyewe ikajiita kitu kingine. Wasifu wako umeandikwa C:\Users. Inautafuta kwenye diski ya USB, ruhusa hazilingani, inakupa akaunti ya muda.

Izime. Chomoa ya USB. Washa tena uone.

kambale

Nimechomoa. Akaunti imerudi. Start bado haifunguki, na programu za Store zote zinafunguka na kujifunga.

Sekta_Sifuri

Hizo ni ruhusa. Folda ya WindowsApps na wasifu wako vina ruhusa nyingi ndogondogo zilizopotea safarini. Unaweza kukaa unazirekebisha moja moja na icacls, utatibu hiki kitaibuka kile, na mwezi ujao sasisho la Windows litagoma usijue limegomea wapi. Mimi nisingeendelea na nakala hiyo. Diski ya zamani bado inawaka?

kambale

Inawaka vizuri. Ni GB 500, imetumika kama 110. SSD ni 240.

binti_terminali

Clonezilla basi, yaishe.

Sekta_Sifuri

Clonezilla kwa diski zinazolingana au ndogo kwenda kubwa, ndiyo, ndilo jibu langu la kwanza. Inanakili jedwali, patisheni zote hata zisizo na herufi, na vitambulisho vyake, kwa vizuizi (blocks) vya diski badala ya majina, na inaruka vizuizi visivyo na kitu. Angalizo tu: ukimaliza usiwashe zote mbili pamoja, zina vitambulisho sawa na Windows itaifungia moja nje.

Kutoka 500 kwenda 240 inataka kwanza upunguze C:, na mara nyingi patisheni ya uokoaji imekaa mwisho wa diski, inakuletea kiburi. Kwa hali kama ya kambale natumia WIM, faili moja linalobeba mfumo mzima. Na hapa ndipo nawapa haki wale wanaosema mafaili yanaweza: WIM ni nakala ya mafaili, si ya vizuizi. Windows tangu Vista inajisakinisha kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba DISM inajua majina mawili ya faili moja, inajua vibao, inabeba ruhusa na wenye mali, na inafanya kazi Windows ikiwa imelala.

Kambale, fuata hivi. Kama BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) iko, izime kabisa kwanza usubiri imalize kufungua diski, na ufunguo wa kurejesha uandike pembeni. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, ukifika skrini ya lugha bonyeza Shift+F10. Herufi humo hazifanani na ulizozoea, kwa hiyo andika diskpart, kisha list volume, ujue nani ni nani. Chukulia Windows ya zamani imekuwa D: na diski yako ya nje ya akiba ni E:, toka diskpart uandike

dism /Capture-Image /ImageFile:E:\c.wim /CaptureDir:D:\ /Name:C /ScratchDir:E:\

Ikimaliza, zima, toa diski ya zamani kabisa, weka SSD ndani. Rudi Shift+F10, diskpart, list disk, chagua SSD (select disk na namba yake) kwa kuangalia ukubwa wake mara mbili maana clean haiulizi, halafu

clean
convert gpt
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
create partition msr size=16
create partition primary
format quick fs=ntfs
assign letter=W
exit

dism /Apply-Image /ImageFile:E:\c.wim /Index:1 /ApplyDir:W:\
bcdboot W:\Windows /s S: /f UEFI

Chomoa flashi na diski ya nje, washa. Hiyo ni kwa mashine ya UEFI. Kama yako inawasha kwa BIOS ya zamani, sema kabla hujaanza, maana mgawanyo unabadilika.

kambale

Ni UEFI, msinfo32 imeandika hivyo. Diski ya nje ninayo, flashi ninayo ya GB 8, ISO sina. Naishusha usiku bando la usiku likianza.

mzee_wa_flopi

Na ya zamani usiifomati mpaka umeitumia mpya kwa siku kadhaa, imepokea na sasisho moja au mbili.

Sekta_Sifuri

Sikiliza mzee. Na ukifika kwenye list disk, kama huna uhakika ipi ni ipi, piga picha skrini uitupie hapa kwanza. Nipo mpaka usiku.